Mhispania wa Low Row

Low Row, Swaledale
2 Mei 2004

Shemeji Clifford,

Salamu kutoka bondeni kwetu. Kondoo wamezaa, mvua haijaacha, nami nipo. Kadi yako ya rambirambi ilinifikia Wilf alipofariki. Kama sikujibu mwaka mzima si kiburi, ni kwamba kila nikishika kalamu nilikuwa nalia, na barua iliyolowa haisomeki.

Sasa nina shida, na katika mafundi wote niliowajua wewe peke yako ndiye bado unapumua. Yule Mhispania yumo bandani. Nasema ile pikipiki ya Kihispania ya mwaka 1968. Wilf aliifungua injini majira yake ya mwisho ya baridi, akatuacha kabla hajaifunga. Nusu iko mezani, nusu iko kwenye ndoo ya maziwa. Stuart, mwanangu, amefungua mkahawa huko Leeds, akanipigia simu kwa furaha kuniambia kwamba mwisho wa Oktoba atakuja na gari aichukue pikipiki ya baba yake, aisugue mpaka ing'ae, aitundike ukutani juu ya meza za wateja na kuimulika kwa taa. "Mama, watu watakula huku wakimkumbuka Baba!" Watu gani? Hata hawakumjua. Lakini ana nia njema, na mtu mwenye nia njema ni vigumu kumkatalia kwenye simu.

Mashindano ya klabu ya pikipiki za zamani ni Jumapili ya tarehe 10 Oktoba. Nataka Mhispania angurume siku hiyo, apande mawe, achafuke matope kabla hajageuzwa pambo. Mtu wa kumpanda yupo. Je, utanielekeza kwa barua? Mikono ninayo, na spana za Wilf zote zipo.

Mimi wako,
Mavis Kearton


Swaffham, Norfolk
11 Mei 2004

Shemeji yangu Mavis,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Pikipiki ukutani! Watamtundika na mchungaji pia?

Huku alikonileta binti yangu Janet ni tambarare kama meza. Mtu wa Norfolk akitaka kupanda kitu, inabidi apande ngazi. Nakumbuka mawe ya kwetu kama wenzangu wanavyokumbuka wachumba wao. Nakumbuka Jumapili asubuhi, bonde zima lina harufu ya ule moshi mtamu wa oili, na Wilf anapanda korongo mwendo wa kobe, kasimama juu ya pikipiki, ulimi nje, mguu hautaki kugusa chini. Mvua inatunyeshea, tunakula keki ya matunda na jibini kwa mikono iliyojaa grisi. Hakuna chakula kitamu kama kile, na nimekula kwingi.

Basi, kazi. Injini hizi za kuchanganya oili na petroli zinavuta pumzi kwa tumbo. Kuna sili mbili za kranki, zile pete za mpira za kuzuia hewa, kushoto na kulia. Zikikaa miaka bila kazi hukauka kama ganda la mkate, injini ikavuta hewa ya wizi. Ukiiwasha inapandisha mbio yenyewe kama punda aliyeumwa na nyuki, na pistoni inaungua. Kwa hiyo tia sili mpya na beringi mpya. Beringi haitolewi kwa nyundo! Ganda la injini ni alumini. Litie kwenye oveni, na beringi mpya zilale kwenye friza. Ganda likishika moto, beringi ya zamani itadondoka yenyewe, na mpya itaingia kwa kusukumwa na kidole.

Ndiyo, oveni yako. Wilf alikuwa akifanya hivyo kila mwaka ukienda kanisani. Ulidhani ile harufu ni nini?

Lolote litakalokushinda nitumie huku. Nina karakana ndogo nyuma ya nyumba, vifaa vyangu vyote vimening'inia mahali pake. Usijali mwandiko, kalamu hii ni mbovu.

Mwambie Stuart aanze mazoezi. Mzoea punda hapandi farasi.

Shemeji yako,
Clifford Alderson


Low Row
14 Juni 2004

Shemeji Clifford,

Kwa hiyo miaka thelathini nilikuwa nalaumu kondoo wa kuoka kumbe ni oili ya gia! Mngekuwa wote wawili hai mbele yangu ningewapiga na mwiko.

Nimefanya kama ulivyosema. Jana niliwahi kutoka kanisani, nikatia ganda la injini kwenye oveni. Mara hodi, ni mchungaji mpya na mkewe, wamekuja kunijulia hali mimi mjane. Nikawakaribisha chai. Wameketi, wamenyoosha pua. Mchungaji akaniuliza, "Bibi Kearton, harufu hii ni ya mapishi gani?" Nikamwambia, "Ni mapishi ya Kihispania." Mara beringi ikadondoka kwenye trei, ko! Mkewe akaruka kikombe mkononi. "Mfupa huo," nikamwambia, "ndiyo dalili kwamba kimeiva." Maskini, akaniomba nimwandikie namna ya kupika.

Beringi mpya ziliingia kwa kidole, kweli. Sili nimezitia, midomo yake ikitazama ndani kunakotoka msukumo. Ringi nimebadilisha. Platini nimezisugua, na plagi inatoa cheche ya buluu. Kilichobaki ni kabureta. Imejaa ukoko wa kijani, ina vitundu ambavyo hata sindano yangu ya kushonea haiviingii. Kwa kuwa una karakana nakutumia. Nimetia na picha ya pikipiki ilivyo sasa, uone kama kuna kitu nimesahau.

Mazoezi yameanza, usiwe na wasiwasi.

Mavis


Swaffham
5 Julai 2004

Shemeji Mavis,

Kabureta hiyo imerudi. Nimeiosha hapa karakanani, jeti zote nimezipuliza, zinapitisha mwanga. Nimekuachia ikiwa wazi makusudi ili ujifunze kuifunga mwenyewe, maana fundi asiyejua kabureta ni fundi wa baiskeli. Anza na sindano, kisha boya, kisha kifuniko. Sijaitazama picha vizuri, miwani yangu ina mkwaruzo. Nitakuandikia.

Clifford


(Karatasi ndogo, ndani ya soksi yenye vipande vya kabureta)

Bi Mavis,

Samahani, hunijui. Naitwa Lurdes, ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee anakoishi Bwana Clifford. Amenipa kifurushi nikipeleke posta, na nimeona si vizuri upokee hivi bila kuelewa.

Hapa hakuna karakana. Ana chumba kimoja chenye dirisha. Vifaa vyake vyote aliviacha alipohama. Mikono yake inatetemeka sana siku hizi, ni ugonjwa, si uzee tu. Kabureta yako aliifungulia kwenye meza ya kifungua kinywa, akaiosha kwenye birika la chai, na kwa kweli aliiosha vizuri, wazee wote walisimama kutazama. Lakini kurudisha skrubu ndogo alishindwa. Alijaribu asubuhi nzima. Moja ilianguka kwenye uji wa Bwana Pettit, tukaitafuta kwa kijiko. Baadaye alilia, nikajifanya sijaona.

Vipande vyote vimo, nimevihesabu. Tafadhali usimwambie kuwa nimekuandikia. Tangu barua zako zianze anaamka mapema na kunyoa ndevu.

Lurdes


Low Row
1 Agosti 2004

Shemeji Clifford,

Kabureta imefika. Kazi nzuri sana. Nimeifunga kama ulivyoelekeza, sindano, boya, kifuniko, na haikunishinda.

Jana nikachanganya petroli na oili, nikamtoa Mhispania mpaka uani. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akakohoa, akanipiga teke la kifundo cha mguu, nikamtukana kwa maneno ambayo Wilf hakujua kuwa nayajua. Ya nne akawaka. Clifford, aliwaka! Ule mlio wake, kama mtu anayegonga mlango wa mbao kwa vidole, pole pole. Moshi ukajaa uani, nguo zote nilizoanika zikanuka, nikasimama katikati yake nikilia kama mtoto. Sikumlilia Wilf vile hata siku ya mazishi. Ilikuwa kana kwamba yupo nyuma ya ule moshi, anafuta mikono, yuaja kunywa chai.

Kuku hawajataga tangu jana.

Asante sana kwa kila kitu.

Mavis


Swaffham
15 Agosti 2004

Mavis,

Sasa nimeitazama picha. Nimeazima kioo cha kukuzia cha jirani yangu.

Nilitaka kukuambia kipedali cha gia kimepinda, mwambie mtu akinyooshe. Kisha nikatazama tena. Hakikupinda kwa kuanguka. Kimekatwa, kikafupishwa, kikachomelewa upya. Na vikanyagio vya miguu vimesogezwa juu na mbele. Mchomeleo ule naujua, hakuna mtu mwingine duniani anayechomelea vibaya vile, kama uji uliomwagika. Ni wa Wilf, na ni mpya, haujapata kutu.

Nijibu hili. Wilf alikuwa mrefu kama mlingoti, miguu yake kama majembe. Stuart ni vilevile, nilimbeba akiwa mchanga akanivunja mgongo. Kipedali kile ni cha mtu anayevaa viatu vidogo. Nani atapanda tarehe 10 Oktoba?

Si lazima unijibu. Lakini kama ndiye ninayemdhani, aache kutazama gurudumu la mbele. Atazame anakokwenda, magoti yalegee, kidole kimoja tu kwenye klachi. Na asiende kwa hasira. Jiwe halijali.

Clifford


Low Row
24 Agosti 2004

Clifford,

Ni mimi. Cheka umalize, kisha endelea kusoma.

Nina miaka sitini na minne na nyonga moja inayolalamika. Lakini pikipiki ile ilikuwa yangu kabla haijawa ya mtu yeyote. Niliinunua nikiwa msichana wa kiwanda cha jibini. Wilf alijifunzia juu yake, na mimi ndiye niliyemfundisha. Wewe ulifika bondeni baadaye, ukamkuta yeye juu yake na mimi na kikapu cha chakula. Hakuninyang'anya. Nilimpa kwa mkono wangu nilipokuwa na mimba ya Stuart, kisha hakuna aliyekumbuka kunirudishia, hata mimi mwenyewe.

Miezi yake ya mwisho alikuwa akishinda bandani. Nilidhani anakwepa wageni. Baada ya mazishi nilipofunua turubai nikaona vikanyagio vimerudi mahali pangu. Kipedali changu cha zamani kilikwisha potea, akanitengenezea kingine. Hakusema neno. Alikuwa anajua anakwenda, naye anajua ananiachia nini, akafa injini ikiwa ndani ya ndoo. Sasa niambie, nikiache kitu hicho kitundikwe juu ya meza za watu wanaokula?

Na kuna jambo jingine. Mara yangu ya mwisho kupanda ilikuwa 1970, korongo la Crake. Mwangalizi, yule anayehesabu miguu na kuonyesha alama kwa vidole, alikuwa mzee mmoja mpole, Mungu amrehemu. Nilitia mguu chini mara mbili, kila mtu aliona. Mzee akaniinulia kofia, akasema, "Safi, binti!" akanipa sifuri, kana kwamba sikugusa kabisa. Wanaume wakapiga makofi na kukonyezana. Nilikwenda nyumbani nikiwaka. Wewe ukitia mguu unapewa alama moja ya kosa, ukitia mara mbili unapewa mbili, ukizidisha unapewa tatu, ukisimama au ukianguka unapewa tano. Mimi nikapewa huruma. Mpaka leo sijui kama nilikuwa mpandaji au mzaha wa Jumapili.

Nataka kulijua hilo kabla nyonga haijakataa kabisa. Kwa hiyo nakuomba: uje uwe mwangalizi wa korongo la Crake. Nimekwisha zungumza na klabu. Unipe ninachostahili, usiongeze wala usipunguze. Wengine wote wananipenda mno.

Najua unaishi wapi, na najua kuhusu mikono yako. Usiniulize nimejuaje. Kunyanyua vidole hakuhitaji karakana.

Mavis


Swaffham
2 Septemba 2004

Mavis,

Lurdes ndiye aliyekuambia. Amekiri, tena bila aibu, ameniletea chai na kuniambia niache upuuzi.

Nilikuandikia habari ya karakana kwa sababu siku ile nilipopata barua yako niliiona kabisa, na spana zake zote. Sikutaka kuitoka.

Nimemwomba Janet anilete. Amekataa, amekubali, amekataa tena, sasa amenunua makoti ya mvua. Yeye ataandika alama, mimi nitainua mkono.

Lakini ujue kitu kimoja, usije ukanilaumu. Ukitia mguu nitaona. Macho hayatetemeki.

Clifford


Swaffham
13 Oktoba 2004

Mavis,

Janet aliniharakisha kuondoka, akaogopa nitapata homa ya mapafu. Nimepata mafua tu. Ninakuandikia ili ujue yaliyotokea upande wangu wa kamba, maana wewe ulikuwa na kazi nyingine.

Walinikalisha kwenye kiti juu ya mwamba na mablanketi matatu, kama malkia aliyepigwa na baridi. Mzunguko wa kwanza ulipofika mbele ya korongo nilikufahamu kwa jinsi ulivyovuta pumzi kabla ya kuachia klachi. Ukaingia kwa hasira. Nilikuonya. Kwenye jiwe la pili ukaenda majini mzima mzima. Tano. Mkono wangu ulitetemeka hata nikaona umekodoa macho, hujui kama ni tatu au tano, ikabidi niushike kwa mkono mwingine. Tano, Mavis. Iliniuma kuliko iliyokuuma wewe.

Mzunguko wa pili, tano tena.

Baada ya hapo akaja mtu mrefu na mwavuli, kasimama karibu nami. Ni Stuart. Alikuwa amekuja mapema na gari lake akakuta banda li wazi, jirani ndiye aliyemwelekeza. Akaniuliza, "Mzee, ni kweli mama yangu yumo humu?" Nikamwambia nyamaza, anakuja.

Mzunguko wa tatu hukuwa na haraka tena. Ulipanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Jiwe la kwanza, la pili, ukageuka chini ya mti, gurudumu la mbele likasita, nikainama mbele kitini. Ukatoka juu! Watu wakapiga kelele, "Safi! Safi!" Stuart akatupa mwavuli. Akaniinamia, machozi yanamtoka, akaniambia, "Mzee, mpe sifuri. Tafadhali. Amefika."

Nikamwambia, "Mguu wa kushoto uligusa, chini ya mti."

"Kidogo tu! Nani ameona?"

"Mimi."

Akanitazama kana kwamba nimemnyima mama yake maji. Nami nilikuwa natamani kukupa, Mavis, sijawahi kutamani kumpa mtu kitu namna ile. Nikainua kidole kimoja. Ulikuwa juu pale, umevua kofia ya chuma, nywele zimelowa, unanitazama mimi tu.

Nieleze kama nilikosea.

Clifford


Low Row
20 Oktoba 2004

Clifford,

Nyonga imevimba, kiwiko ni cha zambarau, na mchungaji ametangaza kanisani niombewe. Mkewe amenikonyeza. Nadhani amekwisha jua ni mapishi gani yale.

Stuart alinirudisha nyumbani kwa gari lake. Tulipofika jikoni akaniuliza pikipiki ile ilikuwa ya nani. Nikamwambia yangu. "Kwa nini hukusema?" Nikamwambia hakuniuliza, na mtu hamkatizi mwanawe anapompenda baba yake. Akatoka kwenda bandani. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya ule mchomeleo, ameushika, anaupapasa kwa kidole gumba. Nikamwachia nafasi yake. Kesho yake akarudi Leeds na gari tupu, na ameniomba picha ya mimi nikiwa majini. Hiyo nimemruhusu aitundike.

Kila mtu hapa ananiambia ulikuwa mkali. Dukani, posta, kanisani: "Yule mzee angekupa tu sifuri, mwanamke wa umri wako!" Nawaacha waseme. Kumi na moja ndiyo alama zangu za korongo la Crake, na nilikuwa wa mwisho katika orodha nzima. Nimeisoma orodha hiyo ubaoni mbele ya watu wote, tano, tano, moja, nikarudi nyuma nikaisoma tena.

Unaniuliza kama ulikosea. Niliugusa ule udongo, Clifford. Niliusikia chini ya kiatu, nikapanda pale juu nikigeuka kukutazama huku ninaogopa kuliko nilivyoogopa mawe. Niliogopa utanipenda. Kisha nikaona kile kidole.

Ile moja ni yangu. Sikupewa. Niliipata.

Mavis